Kurasa Zilizoyumba

Kengele ya kutoka ilipolia, wanafunzi wengine walikimbilia getini, Chapu akakimbilia chumba cha kompyuta. Jina lake halisi lilikuwa kwenye orodha ya mahudhurio tu. Kwingine kote aliitwa Chapu, kwa sababu alikula chapuchapu, aliandika chapuchapu, na akitumwa dukani aliondoka kabla hajaambiwa vizuri akanunue nini. Alikuwa msichana wa miaka kumi na mitatu, na neno "subiri" lilimkera kuliko mbu.

Mle chumbani kila mtu alijua kazi yake. Mmoja alifungua madirisha ili joto litoke, mwingine alifagia, mwingine alipangusa vioo vya kompyuta kwa kitambaa kikavu. Kompyuta zilikuwa nne. Tatu zilikuwa za shule, kuukuu na nzito, zinazowaka kwa kulalamika. Ya nne ilikuwa kompyuta ya kupakata ambayo mwalimu wa kompyuta aliitumia miaka mingi nyumbani kwake, kisha akawapa wanachama wa klabu. Hiyo ndiyo iliyokuwa na kasi, na hapo ndipo tovuti ya shule ilipotengenezwa. Chapu alikuwa amekabidhiwa kazi ya mitindo, yaani sura ya tovuti, na ukimwona alivyokaa mbele ya ile kompyuta ungedhani ameizaa yeye.

Mezani palikuwa na daftari lililofungwa kwa uzi ili lisipotee. Liliitwa daftari la mabadiliko. Sheria ya klabu ilikuwa moja: ukigusa kitu chochote kwenye tovuti, hata ukifuta nukta, andika umebadilisha nini, kwa nini, na jina lako. Mwalimu hakupenda kusimama nyuma ya watu wakati wanafanya kazi. Alisoma daftari, kisha kila jioni, akiwa nyumbani kwake, alifungua tovuti kwa simu na kukagua makosa.

"Siwezi kuwa na macho kumi na mawili," aliwaambia. "Daftari hili ndilo macho yangu. Likisema kweli, nami naona vizuri."

Jumatatu ile Chapu alikuwa na jambo kubwa. Jumamosi wazazi wangekuja shuleni kuoneshwa tovuti kwa mara ya kwanza, naye alitaka waondoke midomo wazi.

Ukurasa wa tovuti huandikwa kwanza mifupa yake, kisha huvalishwa. Lugha inayouvalisha huitwa CSS: ndiyo inayosema rangi iwe hii, herufi ziwe kubwa hivi, picha ikae pale. Klabu haikushona kila vazi kuanzia mwanzo. Ilitumia mfumo wa mitindo, ambao ni kama ghala la nguo zilizokwisha shonwa. Unaita jina la vazi na ukurasa unalivaa. Sasa Chapu alikuwa amepata programu-jalizi, kipande kidogo ambacho ukikichomeka kwenye mfumo huo, unaweza kuamua kurasa zipokezane vipi. Mtu akibonyeza kutoka ukurasa wa ratiba kwenda ukurasa wa picha, ule wa zamani unaweza kufifia taratibu, na mpya ukaingia kwa kuteleza au kuchomoza kutoka chini. Hiyo ndiyo huitwa mipito ya kurasa.

Mtu mwingine angechagua kufifia, basi. Chapu? Aka! Alitaka ukurasa uingie kwa kasi kutoka kulia, upite mahali pake, uyumbe kushoto, uyumbe kulia, ndipo utulie. Akaandika majina ya mitindo yote aliyoihitaji, akahifadhi, akabonyeza.

Ukurasa mpya ukatokea palepale. Haukuteleza wala kuyumba.

"Umefanya nini sasa?" aliuliza Redio, rafiki yake wa kiti cha pili. Waliompa jina hilo hawakumwonea, kwa maana akianza kusema hana kitufe cha kuzimia. "Mimi naona ni vilevile. Au yumba lenyewe limechelewa njiani?"

"Nyamaza wewe, nahesabu mabano."

Alihesabu mabano, yakatimia. Alijaribu kwenye zile kompyuta kuukuu, lakini vivinjari vyake, yaani programu za kufungulia tovuti, vilikuwa vya kale, havikujua mipito ni nini. Siku ya Jumatatu ikaisha hivyo. Jumanne akarudi, akasoma maelezo ya programu-jalizi mwanzo hadi mwisho, akarefusha muda ukafika sekunde moja na nusu. Wapi! Kurasa zilisimama wima kama askari wa gwaride.

Ndipo alipokutana na ule mstari. Ulikuwa chini kabisa ya faili la mitindo, na uliwekwa na mwalimu mwenyewe siku ya kwanza ya klabu. Kwa maneno ya kawaida ulisema hivi: kama mwenye kifaa ameomba mwendo upunguzwe, usisogeze kitu. Mwalimu alikuwa amewaambia, "Huu ni kwa ajili ya watu wanaosumbuliwa na vitu vinavyotembea kwenye kioo. Hao huweka mpangilio kwenye simu au kompyuta zao, na tovuti yenye adabu huwasikiliza." Hakueleza zaidi, na siku ile hakuna aliyeuliza.

Chapu aliutazama mstari kwa jicho la hasira. Nani huyo wa kusumbuliwa na ukurasa? Akauzungushia alama, akaufuta, akahifadhi, akabonyeza.

Ukurasa uliingia kwa mbwembwe, ukayumba kushoto, ukayumba kulia, ukatulia.

"Hee!" Redio aliruka kutoka kitini. "Njooni muone! Njooni!"

Klabu nzima ilijazana. Walibonyeza, wakabonyeza tena, wakacheka mpaka mlinzi akachungulia dirishani. Chapu alijisikia mwepesi. Kumbe mstari ule ndio uliokuwa mchawi! Hakujiuliza kwa nini kompyuta ile, kati ya kompyuta zote, ilikuwa ikiomba mwendo upunguzwe.

Saa ya kuandika daftari ilipofika, alishika kalamu. *Nimeongeza mipito ya kurasa ili tovuti ivutie*, aliandika. Kalamu ikasita. Akiandika kwamba amefuta mstari wa mwalimu, ataambiwa aurudishe, na akiurudisha, mbwembwe zote zimekwisha kabla ya Jumamosi. Akaandika jina lake, akafunga daftari.

"Umeandika yote?" Redio aliuliza.

"Nimeandika, bwana."

Jioni ile tovuti mpya ikapandishwa mtandaoni.

Jumatano mwalimu alikuja akiwa amechelewa. Alikuwa mama mrefu mwenye mwendo wa haraka, lakini siku hiyo aliingia akipapasa meza moja baada ya nyingine, kama mtu anayetembea gizani. Alikaa. Alifungua daftari la mabadiliko, akasoma, kisha akainua uso.

"Chapu, umeongeza mipito."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Vizuri. Na ule mstari wetu wa chini, wa kupunguza mwendo, bado upo?"

Macho yote yalimgeukia Chapu. Hapo ndipo angesema. Neno lenyewe lilikuwa fupi, lingechukua pumzi moja. Lakini ulimi wake, kama miguu yake, ulizoea kutangulia.

"Upo, Mwalimu."

Ajabu ni kwamba mwalimu hakufurahi. Alionekana kama mtu aliyetamani kusikia jibu jingine. Akasema taratibu, "Haya. Asante." Akawaruhusu watoke kabla ya wakati, na alipoinuka alishika ukuta kwa kiganja kizima.

Alhamisi alikuja kwa nusu saa tu, akiwa na miwani ya jua ndani ya chumba. Ijumaa hakuja kabisa. Mwalimu wa hesabu ndiye aliyefungua mlango, akawatangazia kuwa mwenzake haumwi sana ila haumwi kidogo vilevile, na kwamba Jumamosi Chapu na Redio wataonesha tovuti wenyewe.

"Haumwi sana ila haumwi kidogo," Redio alirudia walipotoka. "Huo ni ugonjwa gani wa kukaa katikati?"

Chapu alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali.

Mama yake Chapu alikuwa fundi viatu. Kibanda chake kilikuwa kando ya barabara, na humo mlikuwa na harufu ya ngozi na gundi, kalibu za mbao za miguu ya kila namna zikining'inia ukutani, na kiti kimoja cha wateja chenye mguu mfupi, ambacho mama alikuwa ameahidi kukitengeneza tangu Chapu akiwa darasa la kwanza. Ijumaa ile Chapu alimkuta akikata soli pana na bapa, isiyo na kisigino hata kidogo.

"Shikamoo, Mama. Hivyo viatu vya bibi gani?"

"Marahaba. Bibi wapi! Ni vya mwalimu wako wa kompyuta." Mama aliweka kisu chini, akapangusa mikono kwenye aproni. "Alipita hapa mchana, maskini. Amekaa kwenye kiti hicho, na mara hii wala hakukitania. Ule ugonjwa wake umerudi."

"Ugonjwa gani?"

"Hamkujua? Kumbe aliwaficha. Miaka miwili iliyopita, alipokosekana shuleni muhula mzima, alikuwa anaumwa sikio la ndani. Ndani humo ndimo mwili unamopata mizani yake. Likiharibika, dunia inakuzunguka ukiwa umekaa. Alikuwa anatambaa kutoka kitandani hadi bafuni, mwanangu. Mimi ndiye niliyemshonea viatu bapa, maana kwenye kisigino alianguka mara mbili."

Chapu alikaa kwenye kiti kibovu, kikamwinamisha upande.

"Sasa imekuwaje ukarudi?"

"Anasema ulianza Jumanne jioni. Amefungua hiyo tovuti yenu kwenye simu, akaona kurasa zinayumba. Na unajua, simu yake aliipanga tangu zamani vitu visitembee, kwa sababu vinamzidishia. Hata ile kompyuta aliyowapa alikuwa ameipanga hivyohivyo. Basi alivyoona kurasa zinayumba na ilhali haziwezi kuyumba, akajua ni kichwa chake. Hivyo ndivyo ulivyoanza mara ya kwanza, herufi zilimcheza machoni." Mama alitikisa kichwa. "Anasema hata aliuliza klabuni kama kuna kitu kimeguswa, akaambiwa hakuna. Ndipo alipokata tamaa."

Chapu alijiona tena, Jumatano, macho yote yakimtazama. *Upo, Mwalimu.*

"Atapona?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Jumatatu anaonana na daktari. Lakini mwenyewe ameshaamua. Ameandika barua ya kuacha kufundisha kompyuta, kesho asubuhi anampelekea mwalimu mkuu kabla ya mkutano wa wazazi. Alilia hapa, yule mama. Alisema, 'Fundi, watoto wale ndio wananiamsha asubuhi.'"

Mama alichukua tena kisu. Chapu alitazama soli ile bapa, na mawazo yakamjia mbio kama kawaida yake. Angeweza kwenda shuleni kesho alfajiri na kuurudisha mstari. Chapuchapu, dakika moja. Mwalimu angefungua simu, angekuta kurasa zimetulia, angedhani amepata nafuu. Hakuna ambaye angejua. Asingepoteza kazi ya mitindo, na Redio asingepata la kutangaza mtaa mzima.

Lakini barua je? Kesho asubuhi ingekuwa imeshafika. Na kama mwalimu asingefungua simu tena? Nani mwenye kizunguzungu anayerudia kutazama kinachompa kizunguzungu? Angebaki akiamini kwamba ni mgonjwa, siku zote, kwa sababu ya mtu mmoja aliyesema neno moja.

Machozi yalimtoka kabla hajajua kama atalia.

"Mama, si kichwa chake."

"Unasemaje?"

"Kurasa zinayumba kweli. Mimi ndiye niliyeziyumbisha. Mwalimu alikuwa ameweka mstari wa kuzuia, nikaufuta, sikuandika kwenye daftari. Akaniuliza mbele ya watu, nikamwambia upo." Alikuwa akisema huku kwikwi zinamkata. "Nilimdanganya, Mama. Si mgonjwa, nilimdanganya."

Mama hakupiga kelele. Hilo lilimtisha Chapu kuliko kelele. Alifungua aproni na kuitundika msumarini.

"Nawa uso," alisema. "Tunakwenda."

"Sasa hivi?"

"Kwa kila jambo una haraka, hili ndilo unataka lisubiri?"

Nyumba ya mwalimu haikuwa mbali, ila siku ile Chapu alitamani ingekuwa ng'ambo ya milima. Mapazia yalikuwa yamefungwa mchana kweupe. Mwalimu aliwakaribisha akiwa kwenye kiti kirefu, kitambaa chenye maji kwenye paji la uso. Juu ya meza palikuwa na sanduku la dawa, na kando yake bahasha nyeupe iliyokwisha andikwa jina la mwalimu mkuu.

"Fundi, umemaliza mapema hivyo?" mwalimu aliuliza, akijaribu kutabasamu.

"Sijaleta viatu, Mwalimu. Nimemleta huyu. Ana neno." Mama akamsukuma Chapu kidogo mgongoni.

Chapu, mwenye ulimi wa kutangulia, alisimama pale ulimi umemganda. Aliitazama ile bahasha. Ikamsaidia.

"Shikamoo, Mwalimu. Mstari haupo. Niliufuta Jumanne. Mipito ilikuwa haionekani kwenye ile kompyuta, nikadhani mstari ni mbovu. Kwenye daftari sikuandika, na uliponiuliza nilisema uongo. Kurasa zinayumba kweli, kwa kila mtu. Nisamehe, Mwalimu."

Mwalimu aliondoa kitambaa usoni, akainuka polepole.

"Chapu," alisema, na sauti yake ilikuwa ngumu. "Usiniambie hivyo kwa kunihurumia. Mama yako amekuhadithia, umejisikia vibaya, ukataka kunifariji."

Hilo Chapu hakulitarajia hata kidogo. Kumbe ukishadanganya mara moja, ukweli wako nao huombwa kitambulisho.

"Ni kweli, Mwalimu! Naapa!"

"Leta simu tuone," alisema mama, ambaye hakuwa na subira na viapo. "Mimi sina ugonjwa wa sikio, na macho yangu yanatunga uzi kwenye sindano bila miwani. Niwekeeni hiyo tovuti."

Mwalimu alimpa simu, yeye akageuza uso ukutani. Chapu akafungua tovuti ya shule na kumwonesha mama mahali pa kubonyeza. Mama akabonyeza kwa kidole chake kinene cha fundi.

"Yallah!" Mama alirudisha kichwa nyuma. "Hiki kitu kinaingia kama mlevi anayetafuta mlango! Kimegonga kule, kimerudi huku. Mwalimu, huu si ugonjwa wako. Ungekuwa wako, mimi ningeuonaje?"

Mwalimu aligeuka taratibu. "Umeona ukurasa unayumba?"

"Nimeuona."

"Kushoto, kisha kulia?"

"Kushoto, kisha kulia, kisha unatulia kama vile haukufanya kitu. Sasa fungua tovuti nyingine, ya watu wenye akili timamu."

Chapu alifungua tovuti nyingine, akamshikia mwalimu simu. Mwalimu alibonyeza ukurasa wa kwanza, akiwa tayari kufumba macho. Ukafunguka palepale, kimya. Akabonyeza wa pili. Wa tatu. Herufi zilikaa mahali pake kama zilivyoandikwa.

"Umetulia," alinong'ona. "Zimetulia zote."

Akaweka simu kifuani, akaanza kucheka, na katikati ya kicheko machozi yakamwagika, na mama Chapu naye akacheka huku akijipangusa macho, na Chapu akasimama kati yao hajui alie au acheke. Kitu kizito alichokuwa amekibeba tangu Jumatano kilimtoka kifuani, akavuta pumzi ndefu hadi mabega yakapanda.

"Siku tatu," mwalimu alisema alipoweza kusema. "Siku tatu nimekuwa nikiaga kazi yangu. Usiku sikulala. Kizunguzungu chenyewe kilikuwa cha kweli, kwa sababu nilikaa kila jioni nazipitia kurasa zote kumi na nane, zikinibembea. Hata ukiwa mzima wa afya zingekuchosha."

"Mwalimu nawe," mama alisema, "kwa nini uliwaficha watoto? Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Wangejua, wasingeugusa mstari wako."

"Ni kweli, Fundi. Niliona haya. Sikutaka wanione mtu wa kuanguka." Mwalimu alishusha pumzi. "Hata ile kompyuta niliwapa bila kuwaambia nimeipanga vipi. Hapo nami nina kosa langu." Kisha akamgeukia Chapu, na tabasamu likapungua. "Ila kosa langu halifuti lako. Unalijua lako?"

"Nilifuta mstari."

"Hapana. Kufuta mstari ni kukosea, na anayejifunza hukosea. Kosa lako ni kwamba nilikuuliza nikiwa nahitaji ukweli kama mtu anavyohitaji maji, ukanipa uongo kwa sababu ya mbwembwe za Jumamosi."

Chapu aliinamisha kichwa. Maneno yalimchoma, lakini hayakumwonea.

Mwalimu alichukua bahasha nyeupe kutoka mezani, akaichana vipande viwili, kisha vinne. "Jumatatu kwa daktari nitakwenda vilevile," alisema, "maana afya haikaguliwi kwa kubahatisha. Lakini nitakwenda asubuhi, na mchana nitakuwa darasani."

Jumamosi, kabla wazazi hawajafika, klabu nzima ilikusanyika kwenye chumba cha kompyuta. Mwalimu alikuja bila miwani ya jua. Aliwaeleza wanafunzi kuhusu sikio la ndani, kuhusu muhula aliokosekana, na kuhusu mpangilio ulio kwenye simu yake na kwenye kompyuta ya kupakata. Wakamsikiliza kimya, hata Redio hakutikisa mdomo. Kisha akamwita Chapu.

Chapu aliurudisha mstari neno kwa neno. Akapunguza muda wa mipito kutoka sekunde moja na nusu hadi chini ya theluthi ya sekunde, akaondoa kuyumba, akaacha ukurasa ufifie tu na kuingia. Wakajaribu kwenye simu ya Redio, ambayo haikuwa na mpangilio wowote: mpito ukapita kwa upole. Wakajaribu kwenye simu ya mwalimu: ukurasa ukatokea umetulia. Wote wawili waliridhika, na tovuti ilikuwa moja.

"Kusema kweli hivi ni vizuri zaidi," Redio alisema. "Kule kuyumba kulikuwa kunanipa njaa."

Chapu alikuwa ameinamia daftari la mabadiliko, akiandika polepole, na huenda ilikuwa mara yake ya kwanza kuandika polepole tangu azaliwe. *Jumanne nilifuta mstari wa kupunguza mwendo na sikuandika. Jumatano Mwalimu aliniuliza nikadanganya. Leo nimeurudisha.* Akalimaliza neno "nikadanganya" herufi kwa herufi, akaweka jina lake kamili, lile la kwenye orodha ya mahudhurio.

Mwalimu alisoma akiwa amesimama nyuma yake, mkono mmoja begani mwake. "Kwa wiki nne zijazo," alisema, "hutagusa mitindo. Utakuwa mjaribu. Kila ukurasa utakaotengenezwa na wenzako, utaufungua kwenye simu kuukuu, kwenye simu yenye mpangilio wangu, na kwenye simu ya mtu asiyeona vizuri. Utaniandikia ulichokiona, si ulichotamani kukiona."

"Sawa, Mwalimu," Chapu alisema, na kwa kweli ilikuwa sawa. Angeambiwa afagie chumba mwaka mzima, angeshika ufagio akiimba.

Wazazi walianza kuingia, viti vikaburutwa, watoto wadogo wakakimbizana mlangoni. Mwalimu alikuwa bado hajaondoa mkono wake begani mwa Chapu. Akawatazama wanachama wa klabu wote.

"Sikilizeni kabla hatujaanza," alisema. "Kila mtu hukosea, na mimi nimekosea pia. Lakini kosa ulilolificha linaendelea kufanya kazi hata ukiwa umelala. Linamfuata mtu nyumbani kwake, linamnyima usingizi, na wewe hujui hata ni nani. Siku unapolisema, linakoma hapohapo. Mwenzenu alichelewa kulisema, lakini jana alilisema akiwa anaogopa, na ndiyo maana leo nimesimama hapa. Mkikosea, semeni. Mkiulizwa, jibuni kweli, hata kama ni mbele ya watu."

Akageuka, akatembea hadi mbele ya chumba kwa ule mwendo wake wa haraka, mikono ikining'inia pembeni bila kugusa meza hata moja, akawakaribisha wazazi.